Kidonda cha farasi kisichopona: tafuta kinachokizuia

Mkute farasi mwenye kidonda cha miezi mitatu, uulize kimepakwa nini, utatajiwa duka zima: dawa ya bluu ya kupuliza, GV (ile dawa ya zambarau), vaselini, majivu, mrututu, asali, hata oili chafu ya gari. Uliza sasa ni kwa nini hakiponi, uone watu wanavyotazamana. Mwili wa farasi unajua kuziba jeraha wenyewe. Usipoliziba, kuna kitu kinauzuia, na ukishakipata hicho hata maji ya chumvi yataonekana dawa kubwa.

Uganda ina farasi wachache. Wengi wako pembezoni mwa Kampala na Entebbe, wengine Jinja kandokando ya Nile, na wale wanaopandwa na watalii kwenye hifadhi ya Ziwa Mburo. Daktari wa wilaya hushika ng'ombe mia kabla hajaitwa kwa farasi mmoja, na vitabu vinavyotegemewa vimeandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi. Vinasema kidonda cha nzi huanza kiangazi na hunywea chenyewe baridi ikiingia. Kwetu baridi hiyo haiji. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huleta nzi wengi zaidi, lakini hata miezi ya kati hawaishi. Anayesubiri msimu upite atasubiri sana.

Kione kwanza

Kabla ya kupaka chochote, kisafishe. Jaza kidonda jeli ya kulainisha, ile inayoyeyuka majini, ndipo unyoe manyoya sentimita 3 hadi 5 kukizunguka. Nywele zitanasa kwenye jeli badala ya kuingia ndani. Chemsha lita moja ya maji, tia gramu 9 za chumvi (kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa) na uache yapoe hadi yawe vuguvugu. Yavute kwa sirinji kubwa ya mililita 50 au 60 yenye sindano namba 18 au 19, kisha yasukume kwa mshazari juu ya kidonda. Msukumo huo unang'oa uchafu bila kuupeleka ndani zaidi. Bomba la kuoshea magari linaupeleka.

Ukitaka kuongeza kiuaviini, povidoni-ayodini ya asilimia 10 inatosha, mililita 10 kwa lita ya maji hayo, mpaka ipate rangi ya chai hafifu. Wengi huimimina nzito kama ilivyo wakidhani kali ndiyo nzuri, na kumbe nzito inaua chembe zilezile zinazojenga ngozi. Ile ya povu, ya kunawia mikono kabla ya upasuaji, isiguse kidonda kabisa. Haidrojeni peroksaidi huchemka na kuvutia macho, ila nayo inaunguza nyama nzima pamoja na mbovu. Mpeni mtu mwingine chupa hiyo.

Sasa tazama penye mwanga. Nyama ya kidonda kinachoendelea vizuri ni nyekundu, ina punjepunje ndogo, haipandi juu ya ngozi, na pembeni mwake kuna ukanda mwembamba wa rangi ya waridi. Ukanda huo ndio ngozi mpya. Ukikosekana, au ukiwa palepale wiki baada ya wiki, anza kuhoji.

Tundu dogo linalotoa usaha, likafunga, likafumuka tena, maana yake ndani kuna kitu: mwiba wa mgunga, kibanzi cha mti, au kipande cha mfupa uliofia humo. Chini ya goti farasi hana nyama ya kukinga mfupa, hivyo teke au seng'enge ya uzio wa ranchi ikiufikia, kipande chake huweza kukosa damu kikafa. Eksirei ya siku ya kwanza haionyeshi kitu. Rudia baada ya wiki 3 hivi. Antibiotiki zitakausha usaha kwa siku chache, sindano zikiisha usaha unarudi, na mchezo huo utaendelea mpaka kipande kitolewe.

Kitu kinachoota kama kidonda, hasa kinenani, kwapani, kifuani, kichwani au juu ya kovu la zamani, huenda ni sakoidi. Huo ndio uvimbe wa ngozi unaowapata farasi zaidi ya uvimbe mwingine wowote, na virusi vyake ni papiloma ya ng'ombe, aina ya 1 na ya 2. Usiuguse kwa wembe. Ukikatwa nusunusu hurudi kwa hasira, mara nyingi mkubwa kuliko ulivyokuwa. Kwa farasi mwenye ngozi ya waridi kuzunguka jicho au kwenye uume, kidonda kisichokauka kinaweza kuwa saratani ya ngozi. Hayo mawili yanaamuliwa kwa kipande kidogo cha nyama kutoka ukingoni, kilichotiwa kwenye formalini ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya kipande chenyewe, na kupelekwa maabara. Chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere ni pa kuanzia kuulizia. Daktari achukue kipande hicho akiwa tayari ana mpango wa kutibu sakoidi ikithibitika, kwa sababu hata kuichukua tu huweza kuichokoza.

Fungua mdomo pia. Fizi nyeupe kwa farasi aliyekonda zinaonyesha kuwa tatizo ni kubwa kuliko mguu: nagana (ugonjwa wa mbung'o), homa ya kupe, minyoo. Damu ipimwe. Mwili usio na damu ya kutosha haujengi ngozi.

Jambo moja halisubiri. Kidonda kikiwa jirani na kiungo au kano, na farasi hataki kukanyaga, acha kusoma hapa, mpigie daktari.

Minyoo ndani ya kidonda

Katika mazingira yetu mshukiwa wa kwanza ni nzi, na nzi mwenyewe ni mchukuzi tu. Tumboni mwa farasi huishi minyoo midogo ya jamii ya Habronema na Draschia. Mayai na mabuu yake hutoka na mavi. Funza wa nzi wa nyumbani, au wa yule nzi wa zizini anayeuma miguuni, huyala humo kwenye mavi, na nzi anapokomaa tayari amebeba mabuu ya minyoo. Akitua mdomoni mwa farasi, mabuu yanashuka, yanamezwa na mzunguko unaendelea salama. Farasi wengi hawaonyeshi lolote. Akitua kwenye jeraha, kwenye pembe ya jicho au kwenye ncha ya uume, mabuu yanaingia mahali yasipoweza kukomaa. Hayakui wala hayatoki. Yanatambaatambaa ndani ya nyama, na mwili unayapiga vita kwa nguvu isiyo na kipimo. Vita hiyo ndiyo kidonda.

Dalili yake haifichiki ukishaijua. Nyama hupanda haraka, ndani ya wiki chache, ikitoa majimaji yenye wekundu. Farasi anawashwa, anajing'ata, anajisugua kwenye nguzo. Ukipitisha kidole chenye glavu unahisi mchanga, na ukibinya zinatoka punje za njano, ngumu, mfano wa punje za mchele. Hizo punje ni mabuu yaliyokufa yakazungukwa na chokaa. Usaha wa kawaida hauna punje.

Tiba ina miguu mitatu, na hapa ndipo watu huishia kwenye mguu mmoja.

Wa kwanza ni ivermektini, dawa ya minyoo, kwa mdomo, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Uzito usikisiwe kwa jicho. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha gawa kwa 11,880. Mzingo 170 na urefu 150 unakupa kilo 365, yaani miligramu 73 za ivermektini. (Kanuni hii ni ya farasi; punda ana yake.) Tumia dawa ya kulamba iliyotengenezwa kwa farasi. Ile ya ng'ombe ya kuchoma chini ya ngozi imejaa kila duka la dawa za mifugo na ni rahisi, lakini ikichomwa kwenye msuli wa farasi inaweza kuleta uvimbe na uozo wa bakteria za klostridia, unaoua. Wape farasi wote wa banda siku hiyohiyo, pamoja na punda anayelala nao. Ukimtibu mgonjwa peke yake, wenzake wataendelea kumwaga mayai kwenye mavi.

Mguu wa pili ni kutuliza vita. Mabuu yakifa hayatoweki. Miili yake inaendelea kuuchokoza mwili, na mara nyingine kidonda huonekana kibaya zaidi wiki ya kwanza baada ya ivermektini. Hapo watu hukata tamaa na kurudi kwenye mrututu. Daktari kwa kawaida huongeza prednisoloni, miligramu 1 kwa kilo kila asubuhi kwa siku 7 hadi 14, kisha hupunguza polepole. Kwa farasi wetu wa kilo 365, kama ni vidonge vya binadamu vya miligramu 5, ni vidonge 73 kila asubuhi, vikasagwa na kuchanganywa na pumba na molasi. Duka la dawa litakushangaa. Kuwa mwangalifu na jina kwenye kopo: prednisoni na prednisoloni zinakaa rafu moja na kwa binadamu hazitofautiani sana, ila utumbo wa farasi hauichukui prednisoni ipasavyo. Utamlisha kopo zima bila faida. Dawa hizi zina hatari ya kuvimbisha kwato kwa ndani, kwa hiyo akianza kuegemea visigino, kwato zikapata joto, au akasita kugeuka, simamisha na umpigie daktari. Farasi mnene mwenye historia ya kwato asipewe bila daktari kupima hatari hiyo.

Mguu wa tatu ni mavi, na huu ndio ninaoupa uzito kuliko dawa zote mbili. Katika joto letu, yai la nzi huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Mavi yakizolewa kila siku, au angalau mara mbili kwa wiki bila kukosa, funza hawapati muda. Farasi mmoja hutoa kilo 15 hadi 25 kwa siku, kwa hiyo mwambie saisi hii ni sehemu ya tiba, apewe toroli nzima na muda wa kuitumia. Nzi wa zizini hupenda zaidi majani yaliyooza na kulowa mkojo, basi mabaki ya majani ya nepia chini ya hori na matandiko ya pembezoni yatolewe pia. Wakulima wa migomba watayachukua mavi kwa furaha, lakini yachukuliwe kweli, yasirundikwe nyuma ya banda yakingoja gari. Kama ni lazima yakae, yafunike kwa polithini nyeusi mpaka joto la rundo liwapike funza.

Kumwogesha farasi dawa ya nzi ni sawa ikiwa ni ya jamii ya pairethroidi na imechanganywa kama lebo inavyosema. Amitrazi marufuku. Hiyo ndiyo dawa ya kupe inayotumiwa sana kwa ng'ombe hapa nchini, na farasi akiogeshwa nayo utumbo husimama, mavi yakaganda ndani, akapata msokoto wa tumbo unaoweza kumuua. Bomba lililopulizia ng'ombe asubuhi lisipulizie farasi jioni.

Nyama inayopanda juu ya ngozi

Kidonda kinaweza kuwa safi, bila punje wala usaha, na bado kikakataa. Hii hutokea zaidi chini ya goti la mbele na chini ya kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma. Huko ngozi imebana, damu ni kidogo, na kila hatua inavuta kingo za jeraha. Nyama mpya hujazana mpaka inapita usawa wa ngozi, ikavimba na kufurika kama ugali uliochemka kwenye sufuria ndogo. Ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni, na haiwezi kupanda ukuta huo.

Hesabu yenyewe inatia adabu. Mguuni, ngozi mpya hutambaa kama milimita 1 kwa siku 10. Kidonda cha upana wa sentimita 6, kikitegemea kutambaa huko tu, kinahitaji takriban siku 300. Mwilini, penye ngozi legevu, kidonda hujivuta chenyewe na kupungua haraka zaidi, ndiyo maana shimo la kutisha begani hupona kabla ya mkwaruzo wa chini ya goti.

Dawa ya nyama hiyo ni kuikata isawazike na ngozi. Haina mishipa ya fahamu, farasi haumii ikikatwa, lakini ina damu nyingi ajabu, na asiyejua hutupa kisu na kukimbia. Kwa hiyo ni kazi ya daktari, farasi akiwa amepewa dawa ya kutuliza, na bendeji ya kubana ikiwa tayari imefunguliwa pembeni. Huanzwa chini kwenda juu ili damu isifunike pa kukata, na ule ukanda wa waridi hauguswi. Mrututu na unga mwingine wa kuunguza hupunguza nyama, ni kweli, ila unaunguza ukanda huo pamoja nayo, na unarudi sifuri kila ukipaka. Krimu yenye steroidi inaweza kuzuia nyama isipande tena, ikipakwa nyembamba, mara chache, kwenye nyama safi isiyo na maambukizi. Ukiifanya desturi ya kila siku inachelewesha ngozi yenyewe.

Bendeji ya mguu inafungwa kwa tabaka. Shashi yenye vaselini hukaa kwenye kidonda ili isinate. Juu yake shashi ya kuzungusha, kisha pamba ya unene wa sentimita 2 hadi 3 baada ya kubanwa, kisha bendeji ya krepu, mwisho plasta inayonyumbuka juu na chini kuzuia vumbi. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, mvutano uwe uleule kutoka chini hadi juu, na bendeji ivuke kidonda kwa mapana pande zote mbili. Kosa linaloonekana zaidi ni kubania kwenye kidonda peke yake: mguu unavimba juu na chini, na kamba ya bendeji inachonga kidonda kipya juu ya kano. Pamba ikiwa nyembamba, krepu yoyote ni hatari. Badilisha kila siku 2 au 3, na papo hapo ikilowa, ikiteleza, au farasi akianza kuing'ata.

Bendeji ina ubishi wake. Inazuia nzi na uchafu, ila joto na unyevu wake huchochea hiyohiyo nyama kupanda. Maoni yangu: Uganda, funga mpaka nyama ijae usawa wa ngozi, halafu punguza iwe nyepesi, hata shashi na kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa ulegevu, kwa sababu kukiacha wazi kabisa ni kuwaalika nzi warudi. Na farasi apumzike. Siku moja ya kukimbia inaweza kupasua kazi ya mwezi.

Asali safi haina ubaya siku za mwanzo, chini ya bendeji, iliyochujwa na isiyochanganywa sukari. Kwenye kidonda kilicho wazi inaita nzi na nyuki, hivyo kama hufungi, usipake. Antibiotiki za sindano hazina kazi kwenye nyama nyekundu iliyo safi. Zinahitajika farasi akiwa na homa (joto lake la kawaida ni 37.5 hadi 38.5), uvimbe unaopanda, au kuchechemea. Pepopunda usiisahau, farasi huipata kwa urahisi kuliko mifugo mingine, na asiye na chanjo ya karibuni achomwe tangu siku ya kwanza ya jeraha.

Punda wa Kapchorwa na Karamoja wana kidonda chao kingine, cha mgongoni, kinachotokana na mzigo wa mahindi na kamba. Hapo kinachozuia kupona ni mgandamizo. Kukata tundu kwenye gunia la kutandika ili kidonda "kipumue" hakusaidii, maana kingo za tundu zinabana zaidi. Punda asibebe chochote mpaka ngozi ifunge, kisha mzigo ukae pande mbili za mbavu, uti wa mgongo ubaki bila kitu.

Kujua kama unasonga mbele, piga picha kila wiki siku ileile, kwa umbali uleule, rula ikiwa kando ya kidonda. Jicho linalotazama kila siku halioni milimita moja. Wiki 3 bila badiliko lolote la ukanda wa waridi zinatosha kuacha tiba uliyonayo na kuomba kipande kipelekwe maabara.

Ngozi ikishafunga itakuwa nyembamba, haina nywele, na haijazoea jua. Ipake krimu ya zinki oksaidi saa za mchana, iendelee kufunikwa chandarua kwa wiki chache, na mkanda wa tandiko au buti za mguu zisigusane nayo hadi iwe imekauka na kuhama pamoja na ngozi ya jirani ukiisukuma kwa kidole.